Waipa za Hilux LN106 zilizogoma kwenye mvua: shajara ya matengenezo, Machi 2024

Gari yenyewe ni Toyota Hilux LN106, pikapu kebini moja ya 1994, injini 3L dizeli ile ya cc 2779, usukani kulia, umeme volti 12. Kazi yake ni kushusha viazi kutoka Isyonje mpaka Uyole, huku mkoa wa Mbeya, na siku nyingine ndizi kutoka Kiwira. Naandika kila nikimaliza hatua, gharama zote ni shilingi za Tanzania, na pale nilipoboronga nasema wazi maana huko ndo hela ilikopotelea. Mi sio fundi umeme, ni dereva mwenye boksi la spana tu.

Jumamosi, 2 Machi: zimekata njiani

Tumetoka Isyonje saa kumi jioni na gunia tisa, mvua ile ya huku Rungwe ambayo haianzi kwa manyunyu, inakumwagikia tu kama mtu kageuza ndoo. Waipa zikapiga kama mara kumi hivi, zikaanza kuchoka, zikapanda mpaka katikati ya kioo zikabaki hapo zimesimama kama mtu aliyenyoosha mikono akisalimu amri. Kuna harufu ya kuungua nikaisikia chini ya dashibodi. Nikazima, nikawasha, kimya.

Niseme ukweli, gari ilishanipa taarifa. Tangu Januari zilikuwa zinapanda polepole hasa ya upande wangu, na kila nikiwasha taa kubwa zinazidi kuzembea, mi nasema ni raba zimechakaa. Hata mkono wa swichi pale kwenye usukani ulikuwa unapata uvuguvugu nikiushika, nikadhani ni joto la gari.

Tumepaki pembeni. Dogo ninayebeba naye akachomoa kiazi kwenye gunia, akakipasua kwa kisu, akatoka na mvua yake akaanza kusugua kioo upande wangu kwa ule upande mbichi, mpaka utando mweupe wa wanga ukaonekana. Nilikuwa nacheka lakini aisee kinasaidia, maji yanatandazika badala ya kukaa matone matone, unaona barabara kama unaangalia kupitia glasi ya maji. Haifai kwa mwendo, tumeenda ishirini kwa saa taa zote zimewaka, kila kilomita mbili dogo anashuka kupaka tena. Viazi vitatu mpaka Uyole. Gharama ya leo ni hivyo viazi.

Jumapili, 3 Machi: fyuzi, na aibu niliyoikuta ndani yake

Boksi la fyuzi lipo chini ya dashibodi, kifuniko kimeandikwa WIPER 20A. Nikavuta kwa plaizi, ikatoka imezungushiwa nyuzi za waya wa kopa kwenye miguu yote miwili. Yaani mtu fulani kabla yangu, au labda gereji fulani mi nikiwa nimekaa nje nakunywa chai, alichoka na fyuzi kukata akaifunga waya. Nyuzi zenyewe zimekatika na plastiki ya fyuzi imeyeyuka ikashikana na tundu lake. Ile harufu ya jana ndo hii.

Nimenunua fyuzi sita za 20, mia tano moja, 3,000. Nimesafisha tundu kwa msasa mwembamba niliouviringisha kwenye njiti ya kiberiti, nimechomeka mpya, nikawasha waipa. Zikasogea kama upana wa vidole vinne, zikanguruma, sekunde tatu, tap, fyuzi imekata. Ya pili vilevile. Nikaacha.

Hapa ndo nilitakiwa kukaa nijiulize, maana fyuzi inayokata baada ya sekunde mbili tatu haisemi kitu kimoja na ile inayokata papo hapo. Ikikata papo hapo kuna waya umepiga shoti. Ikisubiri kidogo kisha ikakata, mara nyingi ni mota inavuta umeme mwingi kwa sababu kuna kitu kimeikaba. Lakini nilikuwa na haraka ya mzigo wa Jumatatu, sikuwaza hivyo.

Jumatano, 6 Machi: nimenunua mota (usifanye hivi)

Nimemwita fundi umeme. Akaja na tasta ile ya taa yenye ncha, akachomoa soketi ya mota, akagusa, taa ikawaka vizuri kabisa. "Umeme unafika mkuu, mota imekufa hiyo." Ilinishawishi maana taa kweli imewaka. Nikaenda soko la Mwanjelwa, Mbeya mjini, mota ya mtumba wameanza na 90,000 tukaishia 65,000, hairudishwi.

Tukafunga. Mota inakaa kwenye ukuta kati ya injini na kebini, bolti za 10, hiyo kazi ni ya robo saa. Kosa likawa kwenye kile kimkono kidogo kinachotoka kwenye shafti ya mota kwenda kwenye fimbo za waipa. Tulikihamisha kutoka mota ya zamani kwenda mpya bila kuweka alama yoyote na bila kujua mota imelala wapi. Tukawasha, waipa zikajikokota, tukazima, zikasimama katikati ya kioo badala ya kulala chini, tukawasha tena, fyuzi tap.

Fundi akasema basi tuachane na swichi ya usukani, tuweke ya pembeni. Akavuta waya mpya kutoka betri, akaweka fyuzi ya 20, swichi ya kubonyeza, akaunga kwenye waya wa mota wa mwendo mdogo. Akabonyeza, waipa zikavutwa taratibu sana kama zinapanda Mlima Rungwe, zikaanza kushuka, zilipofika tu pale mota inapojilaza, tap. Fyuzi ya nne hiyo. Hapo akatoa waya wa kopa mfukoni anataka kuzungushia. Nikamshika mkono, nikamwambia hapana fundi, hiyo nimeshaiona inavyoisha. Nikamlipa 15,000 yake kwa heshima, akaondoka.

Nyongeza ya 17 Machi, baada ya kuelewa: ile swichi ya pembeni isingefanya kazi hata mota ingekuwa mpya ya dukani. Ukizima waipa kwenye usukani, swichi inaunganisha waya wa mwendo mdogo na waya mwingine unaoenda kwenye kisahani kilichomo ndani ya mota, ndo maana waipa hazisimami palepale ulipozima, zinaendelea mpaka zifike chini. Zikifika chini kile kisahani kinaukata umeme na kuupeleka ule waya kwenye ethi (bodi ya gari, upande wa hasi ya betri), ili mota isimame pale pale isiserereke. Sasa wewe ukiwa umepachika umeme wa betri kwenye waya wa mwendo mdogo na swichi ya usukani bado imeunganishwa, zikifika chini umeshika chanya umeipeleka moja kwa moja kwenye ethi. Shoti kamili, na fyuzi iko sahihi kukata. Nadhani hata yule wa kwanza aliyefunga waya wa kopa alipita njia hii hii. Kama ni lazima uweke swichi ya pembeni, kata kwanza mawasiliano na swichi ya usukani, na ujue waipa zitasimama popote utakapozima.

Jumamosi, 9 Machi: naanza upya, mwenyewe

Kazi ya leo ingefanyika tarehe 3 ningebaki na elfu themanini zangu.

Kwanza mota ya zamani. Nimeiweka chini kwenye kipande cha mbao nikaipa umeme wa betri moja kwa moja, ethi kwenye bodi yake, chanya kwenye waya wa mwendo mdogo. Ikazunguka, tena kwa raha. Nikahamisha chanya kwenye waya wa mwendo mkubwa, ikaongeza kasi. Nimekaa chini nikaiangalia inazunguka kama dakika nzima. Mota nzima kabisa, na nyingine nzima nimeinunua.

Kwa anayefuata: rangi za waya sitaji kwa sababu magari haya yameshapita mikono mingi, rangi ya kwako inaweza isiwe ya kwangu. Fuata kwa kupima.

Pili, nikatenganisha fimbo za waipa na mota, afu nikashika mkono wa waipa mmoja mmoja nikausukuma. Wa kushoto unaenda na kurudi kwa kidole. Wa kulia, upande wa dereva, haukubali. Nimeushika kwa mikono miwili ndo ukasogea kidogo huku unalia kama mlango wa ghala. Huyo ndo mwizi.

Kutoa mikono yenyewe: nati za 14, na kabla ya kufungua nimebandika soltepu kwenye kioo kuonyesha kila raba inalala wapi. Nati zimetoka, mikono imegoma, imeshikana na meno ya shafti. Usiingize bisibisi ukabinua kwa kuegemea kioo, kioo kitapasuka na hiyo ni hela nyingine kabisa. Nimemwagia maji yaliyochemka kwenye shingo ya mkono, birika moja kila upande, nikawa nautikisa juu chini kama unang'oa jino la mtoto, ukaachia.

Nikafungua kava ya chini ya kioo. Humo ndani nimekuta majani ya mipaini na mikaratusi yameoza, udongo mweusi umejaa, na tundu la kutolea maji limezibwa kabisa. Kumbe kila mvua maji yanatuama hapo na shafti ya upande wa dereva inaogelea. Nimechota kwa mkono karibu nusu ndoo, dogo akaniambia bosi hapo tungepanda mchicha.

Sasa kosa la leo. Fimbo zimeunganishwa kwa vikombe vya plastiki vinavyobanwa juu ya vichwa vya chuma vya mviringo. Vile viwili vya kwanza nilivitoa kwa kumwagia maji ya moto na kubinua taratibu, vimetoka bila shida. Cha tatu nikaona nimeshakuwa mtaalamu, nikabinua kikiwa baridi, kikapasuka.

Shafti ya upande wa dereva ina klipu ya chuma upande wa juu, nikaitoa kwa bisibisi nyembamba (ziba na kitambaa, inaruka), ikafuata washa (kile kiringi bapa), kisha nikaigonga shafti kwa nyundo ya mbao. Imekaa ndani ya bomba la alumini na grisi yote imegeuka kitu kama gundi ya kahawia, juu yake kutu, na alumini nayo imetoa ule unga mweupe. Nimeiloweka kwenye dizeli usiku kucha.

Leo: WD-40 12,000, grisi 4,000, msasa 1,000.

Jumatatu, 11 Machi: kikombe cha plastiki

Jana nimesafisha shafti zote mbili, hata ile iliyokuwa nzima, msasa mwembamba unaozungushwa, sio wa kwenda juu na chini maana utaacha mikwaruzo ya kupitisha maji. Ndani ya bomba nimepitisha msasa kwenye kijiti. Unajua umemaliza pale shafti inapozama kwa uzito wake yenyewe na ukiipuliza inageuka. Grisi mpya, klipu, basi.

Kikombe kilichopasuka ndo kilinila siku. Jaribio la kwanza: kipande cha tyubu ya baiskeli kuzunguka kichwa cha chuma, juu nimekaza na waya wa kufungia. Nimesukuma kwa mkono mara hamsini kikashika, nikajipongeza, mota ilipozungusha dakika ishirini tyubu ikaanza kutoka kama ulimi. Jaribio la pili nilichanganya gundi ya kopo mbili, ile ya chuma, lakini ikikauka inakuwa ngumu na kichwa kinahitaji kugeuka humo ndani, kwa hiyo hiyo nayo hapana.

Mwisho nimeenda kwa mzee mmoja mwenye mashine ya kukereza. Akakitazama kile kikombe, akakipima, akachukua kipande cha nailoni nyeupe cha mduara akakikereza bila hata kuandika namba. Amekiacha kimebana kidogo, akaniambia kapike kwenye maji yachemke dakika tano kikiwa bado cha moto ukisukume kwa kiganja, kitalia "pwa" na hakitoki tena. Kimelia pwa kweli. 6,000. Ndaga fijo, yaani asante sana kwa Kinyakyusa, kwa mzee yule.

Jumanne, 12 Machi: kufunga, na mpangilio wa kulala

Mpangilio ndo siri hapa, baada ya lile tukio la waipa kusimama katikati ya kioo. Nimerudisha mota ya zamani. Soketi imechomekwa, fimbo bado hazijaunganishwa, kimkono hakijafungwa. Nikawasha waipa, nikazima, nikaacha mota itafute yenyewe mahali pa kulala isimame. Baada ya hapo tu ndo kimkono kinafungwa, kikiwa kwenye mstari mmoja na fimbo, yaani fimbo imefika mwisho wa safari yake. Fimbo zikaunganishwa, nikazungusha tena bila mikono ya waipa, nikazima, zikalala. Mwisho kabisa ndo mikono, kwa kufuata soltepu za kwenye kioo. Kioo kimelowanishwa kwanza maana kikiwa kikavu raba inakwamisha na unapima uongo.

Zimefanya kazi! Fyuzi haijakata. Nilitaka kufunga shajara hapa.

Ila nimehesabu kwa simu, mipigo 22 kwa dakika mwendo mdogo. Hiyo ni kidogo sana. Nikiwasha taa kubwa zinazidi kulegea, na nikizima mara nyingine zinasimama sentimita kumi juu ya mahali pake. Kwa hiyo shafti ilikuwa tatizo lakini haikuwa peke yake.

Alhamisi, 14 Machi: multimita, na kwa nini taa ya tasta ilinidanganya

Nimenunua multimita ya kawaida, kile kifaa cha kupimia volti, 18,000. Ningeweza kuazima lakini kwa wiki hii nimeshajifunza.

Kipimo cha kwanza nimefanya kama yule fundi, soketi imechomolewa: 12.2. Safi kabisa. Kipimo cha pili soketi imechomekwa, ncha za multimita nimezipenyeza nyuma ya soketi kwenye waya zenyewe, waipa zinafanya kazi: 9.1. Betri wakati huohuo inasoma 12.3. Volti tatu na ushee zinaliwa njiani.

Hapa ndo nilielewa ule uongo wa taa. Kibalbu cha tasta kinakula umeme kiduchu, hata ukipitishia kwenye uzi mmoja wa waya uliobaki kitawaka na kung'aa. Mota ya waipa inataka ampea kadhaa, hapo njia mbovu inajulikana. Ni kama bomba la maji lililoziba, ukijaza kikombe huoni tofauti, subiri ujaze pipa.

Nikatafuta zinaliwa wapi. Multimita kwenye volti, ncha moja kwenye hasi ya betri nyingine kwenye bodi ya mota, waipa zinatembea: 0.9. Inatakiwa iwe karibu na sifuri. Ncha moja kwenye chanya ya betri nyingine kwenye waya wa umeme unaoingia kwenye mota: 2.3. Jumlisha unapata 3.2, na ndo tofauti ya 12.3 na 9.1, hesabu imefunga.

Ethi ilikuwa rahisi. Mota imekaa juu ya raba ili isipige kelele, kwa hiyo ethi yake inategemea kipande cha chuma chini ya bolti moja, na pale kuna kutu na rangi ya mtu aliyepiga brashi injini nzima ili gari ing'ae auze. Nimekwangua mpaka chuma cheupe, halafu nimeongeza waya mnene kutoka bolti ya mota mpaka bodi, tamino mbili (vile vishikio vya chuma vya mwisho wa waya), grisi juu yake. Imeshuka mpaka 0.1. Mipigo imepanda kutoka 22 kwenda 31, na sasa zinalala mahali pake kila nikizima, nadhani kwa sababu ile breki ya mota nayo inatumia ethi hiyohiyo.

Waya na tamino 4,000.

Jumamosi, 16 Machi: swichi ya usukani

Zile 2.3 zilizobaki nimezifuata kipande kwa kipande. Kwenye fyuzi hakuna kitu, 0.1. Kuingia kwenye swichi sawa. Kuingia na kutoka kwenye swichi: 1.8. Ule uvuguvugu wa Januari, basi.

Nimetoa hasi ya betri, nikafungua kava za usukani, skrubu tu. Soketi ya swichi ina tundu moja limegeuka kahawia na plastiki imelainika, pini yake nyeusi. Swichi yenyewe nimeifungulia kwenye siti ya dereva, na hilo ndo kosa la mwisho la mradi huu. Ndani kuna vigololi viwili vya chuma vidogo kuliko punje ya mtama na spring chini yake, nimeinua kifuniko vikaruka, kimoja nimekiona kimegonga kioo, kingine Mungu anajua. Saa moja na nusu tumepiga magoti, mi na dogo, na tochi ya simu. Mwisho dogo akaleta sumaku ya spika mbovu, akaipitisha chini ya siti ikatoka na misumari, sarafu, na kigololi. Fungulieni ndani ya karai au ndani ya mfuko wa nailoni mkubwa, mikono imeingia humo.

Visahani vya kopa vimechimbika na vyeusi. Msasa mwembamba kabisa, kiasi tu cha kuona rangi ya kopa, usikwangue mpaka uishe maana ni bati jembamba. Nimefuta kwa kitambaa na petroli, grisi kiduchu mahali pa kuteleza tu sio kwenye visahani. Tundu lililoungua kwenye soketi nimelitoa, nimeweka tamino mpya nje ya soketi na kuifunga peke yake, sio nzuri kwa macho ila imekaza.

Baada ya kurudisha: kwenye swichi 0.2. Kwenye mota, waipa zikitembea, 11.7. Mipigo 44 mwendo mdogo, 65 mwendo mkubwa. Nimekaa kwenye gari peke yangu nahesabu mara ya pili nisije nikawa nimejidanganya. 44.

Raba mpya jozi 16,000. Pima za zamani kwa futi kabla ya kwenda dukani, muuzaji atakuambia zote zinaingiliana.

Jumapili, 17 Machi: mvua yenyewe

Haikunisubirisha. Kuanzia Kiwira mpaka Isyonje mvua ya mawe ndogondogo, taa kubwa zimewaka, feni ya hita imewaka, mwendo mkubwa. Dakika arobaini bila kupumzika. Nimeshika mkono wa swichi mara tatu, wa baridi. Fyuzi nimeichomoa nilipofika nikaiangalia, waya wake mweupe haujajikunja. Trafiki mmoja karibu na Uyole akasimamisha akasema hebu washa waipa, nikawasha kwa mbwembwe kabisa mwendo mkubwa, akanitazama akasema sawa sawa dereva, kwani ni mashindano?

Jumapili, 24 Machi: wiki moja baadaye, na hesabu

Mipigo bado 44. Nimefungua kava ya chini ya kioo, majani machache, nimeyatoa, tundu linapitisha maji. Nimeweka kipande cha wavu wa dirisha juu yake. Kikombe cha nailoni hakijacheza.

Hela: fyuzi 3,000, mota 65,000, fundi 15,000, WD-40, grisi na msasa 17,000, kukereza 6,000, multimita 18,000, waya na tamino 4,000, raba 16,000. Jumla 144,000. Toa mota na fundi, kazi halisi ilikuwa 64,000, na humo multimita inabaki kuwa yangu. Kama ungeniuliza nianze wapi leo, ningetenganisha fimbo na mota kwanza, dakika tano, bure, kabla hata ya kuangalia fyuzi.

Mota ya Mwanjelwa ipo chini ya siti kwenye mfuko wa rambo, nimeiuliza soko mara mbili wanasema 25,000, nimewaambia itabaki hapohapo. Kilichobaki ni pampu ya kurushia maji kwenye kioo, haifanyi kazi na sijaigusa. Kwa sasa dogo ana chupa ya maji ya lita moja na nusu, ametoboa kifuniko kwa msumari, anatoa mkono dirishani anamwaga nikimwambia.